Wimbo wa Mwisho Ushuke Toni Mbili

Mwaka wa 2024, mwezi wa Julai, mahindi ya Trans Nzoia yalipokuwa yakitoa ndevu, nikiwa na umri wa miaka sitini na minane, niliitwa tena katika kazi ambayo nilikuwa nimekwisha kuiaga. Kuaga kwenyewe kulifanywa kwa heshima zote. Tarehe 11 Desemba 2021, kikundi chetu cha uigizaji, Mwangwi wa Elgon, kilinichinjia mbuzi hapa Kitale, nikapewa leso na saa ya ukutani, na mwelekezi wetu, Bwana Barasa, akalia mbele ya watu. Machozi yale hayakudumu miaka mitatu.

"Kukhu," aliniambia kwa simu, kwa lile jina la bibi ambalo kikundi kizima huniitia, "rudi kidogo tu. Njoo utengeneze Nanjala."

Nilimwuliza iwapo Nanjala ni redio.

"Hapana bana. Ni sauti yake tu. Inakatakata."

Nawaandikia ninyi mnaotaka kuwa wahusika wakuu katika michezo ya nyimbo ya jukwaani. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu kama ninyi kuimba bila kujiharibu, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimesema maneno yale yale. Nimechoka kuyasema. Sasa nayaandika, ili atakayeniuliza tena nimwonyeshe karatasi nami niendelee na chai yangu.

Neno la kwanza ni hili: mhusika mkuu si mwimbaji wa kwaya aliyesogezwa mbele. Katika kwaya mnavuta pumzi kwa zamu. Wewe ukinyamaza kidogo, jirani yako anaimba, na hakuna mtu ajuaye. Mhusika mkuu hana jirani. Anaimba, anagombana, anakimbia, anacheza, anaanguka, anainuka, kisha kinanda kinamwita aimbe tena kana kwamba alikuwa amekaa kwenye kiti akimsubiri fundi wa nywele. Na kote huko maneno yake lazima yamfikie mtu wa kiti cha mwisho, kwa sababu katika mabwalo ya shule tunakozunguka, kipaza sauti huwa ni kimoja, na mara nyingi huwa kimekwenda na mwalimu wa michezo.

Mchezo wa mwaka ule uliitwa Arusi ya Misikhu, na Bwana Barasa ndiye aliyeutunga, maneno na muziki. Mhusika mkuu wake ni Nasambu, msichana anayeuza ndizi katika soko la Misikhu, ambaye baba yake anapanga mahari na wageni bila kumwuliza yeye lolote. Nasambu yumo katika karibu kila onyesho. Ananadi ndizi, anabishana na wateja, anamlilia mama yake, kisha mwishoni anasimama peke yake mbele ya baba na wageni, akaimba wimbo mrefu ambao neno lake kuu ni "mahari yangu", na neno hilo linapanda hadi juu kabisa, mahali ambapo kunguru hufikiri mara mbili kabla ya kupita.

Kwa nini wimbo ulipanda kiasi hicho? Ninyi mtadhani mtunzi aliona uchungu wa Nasambu ukifika mbinguni. La. Bwana Barasa hutunga kwa funguo nyeupe za kinanda peke yake. Zile nyeusi hazigusi, anasema zinamchanganya, na bila hizo wimbo haushuki. Kinanda chetu kina kitufe cha kushusha na kupandisha toni ya funguo zote kwa pamoja, ambacho kingemwokoa, lakini siku moja mtoto wa jirani alikibonyeza, arusi nzima ikaimbwa kama matanga, na tangu hapo Bwana Barasa alikifunika kwa selotepu nyeusi, tabaka juu ya tabaka. Basi makoo ya wasichana wa watu yalipimwa kwa uoga wa mtu mmoja kubonyeza kitufe.

Nanjala ndiye aliyekuwa Nasambu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na sauti yake ilikuwa ya aina ambayo nimeikuta mara mbili tu maishani: pana chini, safi juu, na yenye ukali kidogo kama ndimu. Lakini mwezi wa Aprili, baada ya muhula wa kuzunguka shuleni, sauti hiyo ilianza kukwaruza. Nilipofika mazoezini nilimpeleka mimi mwenyewe kwa daktari wa koo, akamtazama kwa kioo chake kidogo, akamwambia wazi. Nyuzi za sauti zilikuwa zimeanza kuota sugu, kama kiganja cha mtu wa jembe. Sugu changa hutulia zikipumzishwa. Zikilazimishwa tena, alisema, Nanjala atabaki na sauti ya kununulia mboga, ya kuimbia hana.

Hilo ndilo lililokuwa hatarini, na nilimweleza Bwana Barasa siku ile ile. Nilimwomba mambo mawili: wimbo wa mwisho ushuke toni mbili, na Nanjala apewe mbadala, yaani msichana wa pili wa kugawana naye maonyesho.

"Kukhu, wimbo ikishuka watu wanalala," alisema. "Na mbadala wa nini? Watu wanakuja kuona Nanjala, si binamu ya Nanjala."

Huyo ndiye mwelekezi. Mtawakuta wengi.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna kijana atakayeuliza mimi nilijifunzia wapi. Mimi sikusoma utotoni. Niliingia darasa la ngumbaru Jumatatu, tarehe 7 Februari 1983, nikiwa na miaka ishirini na saba na watoto watatu, na siuonei haya mwaka huo. Ila sikuingia mikono mitupu. Kiongozi wa kwaya yetu ya kanisa, marehemu Mwalimu Zakaria, alikuwa ametufundisha kuimba kwa solfa, akiandika ubaoni d, r, m, f, s, l, t. Kwa hiyo nilifika kwa ngumbaru nikiwa na herufi saba zangu tayari. Mwalimu alipoandika "r" na kuniuliza ni nini, nilimwimbia. Darasa lilicheka. Mimi nilikuwa sahihi, na sauti ilikuwa pale pale inapotakiwa.

Mwalimu Zakaria alitulaza sakafuni katika ghala la zamani la mahindi, lile ambalo baadaye kikundi chetu kililigeuza ukumbi wa mazoezi, akatuwekea kila mmoja kopo la gorogoro lililojaa mahindi juu ya tumbo. Ukivuta pumzi, gorogoro lipande. Ukiimba, lishuke polepole kama jua la Kitale, bila punje kumwagika. Aliyepandisha mabega badala ya tumbo aliokota punje zote. Nimewalaza hivyo watu wazima wenye shahada, na wote wameokota. Alikuwa na makosa yake pia, Mwalimu Zakaria. Alitunywesha mayai mabichi kabla ya kuimba, na besi mmoja alilazwa hospitali juma zima. Yai halifiki kwenye nyuzi za sauti. Asali haifiki. Tangawizi haifiki. Chochote kitakachofika huko kitakupalia. Kunyweni maji, laleni mapema, muache kupiga kelele mpirani.

Na msinong'one! Hili nalisema kila mwaka na kila mwaka namkuta mtu mwenye koo bovu ananinong'oneza kwa adabu, akidhani ameipumzisha sauti. Kunong'ona kunaikwaruza kuliko kusema. Sauti ikiumwa, nyamaza. Neno hilo ni fupi, na sijui kwa nini linawashinda watu.

Jambo jingine ni kulia. Nasambu analia jukwaani, na Nanjala alipoanza alilia kweli, kwa machozi na kwikwi. Watu wakapiga makofi. Kisha akatakiwa aimbe, na koo likawa limefungwa kama duka la siku ya Jumapili. Nilimfundisha kulia kwa mabega. Mgongo ugeuke, mabega yatikisike, koo libaki wazi. Mtazamaji atakuongezea machozi yake mwenyewe.

Tena kuna kuimba kwa kivuli. Hilo ni jina langu. Katika mazoezi mhusika mkuu haimbi kwa sauti nzima kila mara. Anapita juu ya wimbo kama kivuli, akishika njia yake na pumzi yake, ili sauti yenyewe ibakie siku ya watu. Bwana Barasa hakuvumilia hilo hata kidogo. "Kwani anaimba kama mgonjwa?" alifoka kutoka kwenye kinanda. Nilimjibu kwamba anaimba hivyo ili asiwe mgonjwa. Alitikisa kichwa, na kesho yake akauliza tena.

Wale wa Bungoma, msinikasirikie kwa hili linalofuata, kwa kuwa nami nimezaliwa huko. Ndimi zetu hubadilishana r na l kama majirani wanaoazimana chumvi. Sokoni haidhuru. Lakini mchezo mzima ulikuwa juu ya mahari, na mazoezini niliwasikia baba, wageni na Nasambu mwenyewe wakigombania "mahali". Nilitumia solfa, maana katika solfa herufi hizo mbili hazikai nyumba moja: re iko chini, la iko juu. Nilimwambia Nanjala, "Ukifika kwenye mahari, fikiria re. Shuka." Chini aliweza. R ilitoka safi, ikazunguka kama gololi. Ila katika wimbo wa mwisho, pale juu, ulimi ulishikwa na woga wa koo na mahari ikageuka mahali papo hapo. Kwa kila mwimbaji ni hivyo. Juu sana maneno huyeyuka, hubaki kelele tu. Bwana Barasa aliipenda kelele hiyo.

Sasa kuhusu tarehe. Kamati ya kikundi ilikutana mwishoni mwa Julai, nami nilikuwepo.

"Tunafungua Agosti, tarehe kumi na saba, Bungoma," Bwana Barasa alitangaza. "Watu wote watakuwa nyumbani."

"Bwana Barasa, huu ni mwaka gani?" nilimwuliza.

"Si ni elfu mbili ishirini na nne, Kukhu."

"Unagawanyika kwa mbili?"

Aliinama kidogo, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Alijua. Kila mtu katika chumba kile alijua. Kwetu Bungoma wavulana hutahiriwa katika Agosti ya mwaka shufwa, na hakuna tohara bila kuimba. Kijana hutembezwa kwa jamaa zake akipiga njuga zake, na ukoo mzima humfuata ukiimba, wanaume wakianzisha, wanawake wakiitikia na kupiga vigelegele, siku nyingi mfululizo, barabarani, kwenye baridi ya alfajiri. Kufikia katikati ya Agosti, hakuna koo zima kati ya mto Nzoia na mlima Elgon. Wenye maduka huuza kwa ishara. Wachungaji hufupisha mahubiri, na waumini hushukuru kwa vichwa tu.

"Lakini ndiyo maana watakuwa nyumbani!" alisema Bwana Barasa.

"Watakuwa nyumbani kusikia nini? Waigizaji wako wote ni wa huko."

"Tutawaambia wasiimbe."

Nimeishi na watu wa Bungoma maisha yangu yote. Sijawahi kusikia jambo la kuchekesha zaidi likisemwa na mtu asiyecheka. Kamati ilipitisha tarehe hiyo.

Nanjala alikuja kwangu kabla ya kwenda nyumbani. Alibisha hodi, akaingia, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Sasa, Kukhu."

"Hiyo si salamu ya mtu wa umri wangu."

"Shikamoo, Kukhu. Nimekuja kusema tu. Mtoto wa kaka yangu anapashwa tohara wiki ijayo. Mimi ndiyo senge wake. Senge pekee."

Senge ni shangazi, dada wa baba, na siku ile hana ruhusa ya kuwa mtazamaji. Nilimkumbusha maneno ya daktari.

"Nayakumbuka. Lakini nikinyamaza watasema aje? Ati senge ya mtoto alisimama hapo kama mgeni? Ati anaweka sauti ya jukwaa, ya damu yake ananyima? Kukhu, kijana akitetemeka kisu ikikuja, si watasema ni mimi nilimnyima nguvu?"

Nilimwambia aitikie na wengine, asianzishe. Apige vigelegele viwili, si ishirini. Aliahidi. Nilijua ahadi ile ingefika tu hadi kwenye lango la kaka yake.

Lawama sikumtupia Nanjala, wala simtupii leo. Mtu hawezi kuombwa achague kati ya damu yake na kazi yake kwa sababu kamati imeshindwa kutazama kalenda.

Jumamosi, tarehe 17 Agosti, ukumbi wa Bungoma ulijaa hadi madirishani. Pazia lilipofunguliwa, kwaya ya wachuuzi iliimba wimbo wa kwanza kwa sauti ya mashine ya kusaga isiyotiwa grisi. Baba wa Nasambu alipanga mahari kwa kukohoa. Bwana Barasa mwenyewe, aliyewatembeza wapwa zake wawili, alielekeza kutoka pembeni kwa kupunga mikono, kwa maana hakuwa na sauti hata ya kuita mtu aitwaye Ali. Sauti nzima pekee jukwaani ilikuwa ya Abdalla, mpiga kinanda wetu, kijana wa Kiislamu wa hapo mjini karibu na msikiti. Kwao wavulana hutahiriwa wakingali wadogo, bila ukoo kukesha barabarani. Yeye alikuwa amelala vizuri mwezi mzima, na hakuwa ameajiriwa kuimba.

Nanjala alitumia kila kitu nilichompa. Alilia kwa mabega. Alinadi ndizi kutoka tumboni. Lakini wakati wa mapumziko alikuja nyuma ya pazia, akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa hewa.

"Sukuma tu," Bwana Barasa alikwaruza. "Ni wimbo moja bana. Sukuma."

"Wilbaro ndiyo husukumwa," nilimwambia. "Hataimba huko juu."

"Kukhu, watu wamekuja kwa hiyo mwisho!"

Nanjala alianza kuninong'oneza kwamba ataimba, nikamziba mdomo kwa kiganja changu, kwa upole lakini kwa nguvu. Macho yake yalikuwa ya mtu anayetaka kuingia ndani ya nyumba inayowaka kutoa nguo zake.

Nikaenda kwa Abdalla. "Bandua hiyo selotepu."

"Kukhu, mzee ataniua."

"Atakuua kwa sauti gani? Hana."

Abdalla aliangalia huku na huku, akaweka ukucha wake, na tabaka zote za selotepu zikatoka kwa mvuto mmoja, na mlio uliosikika hadi safu ya mbele. Chini yake kitufe kilikuwa kipya kabisa. Akashusha toni mbili.

Nasambu alisimama mbele ya baba yake. Kinanda kilianza chini, na vijana wa nyuma, waliofuatana nasi kutoka Kitale na kuusikia wimbo ule mazoezini, walipiga kelele: "Juu! Juu!" Nanjala hakupanda. Aliimba kwa kile kidogo kilichobaki, pale ambapo hakuhitaji kulazimisha, taratibu, na "mahari yangu" ikatoka na r yake nzima. Kelele zilipungua, zikaisha. Kisha katika ule ukimya mama mmoja wa makamo alimgeukia mwenzake na kusema kwa sauti ya kusikika:

"Kumbe hii wimbo iko na maneno!"

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Hamjakaa na kamati.

Jumatatu iliyofuata niliambiwa kwamba nimeshtakiwa. Kosa langu lilikuwa kuingilia vyombo vya kikundi bila idhini ya mwelekezi na kuharibu mwisho wa mchezo. Daktari wa Kitale alimwamuru Nanjala anyamaze kabisa kwanza, kisha asiigize nafasi kubwa hadi mwaka mpya. Bwana Barasa, ambaye sauti yake ilikuwa imerudi, kwa bahati mbaya, alitoa msimamo wake: mzunguko wa shule utakaoanza Januari utaimbwa kama ulivyotungwa. Nanjala aimbe juu, ama Nasambu apewe msichana mwingine. Binti huyo, ambaye sauti yake ndiyo mali pekee aliyorithi, alikuwa na njia mbili tu, na zote mbili zilimalizikia katika ukimya.

Niliomba kamati ikutane. Mkutano wa kwanza ulikosa watu kwa sababu ya mavuno. Wa pili uliahirishwa kwa matanga. Wa tatu ulifanyika, ukajadili rangi ya sare. Nilirudi nyumbani nikaketi mbele ya picha ya marehemu mume wangu, Wekesa, kwa kuwa yeye peke yake hakuahirisha jambo.

Wekesa alikuwa seremala. Majukwaa yetu ya kwanza, hapa Kitale na kule Endebess, aliyapiga misumari yeye. Hakujua solfa wala hakutaka kuijua, lakini katika kila mazoezi aliketi kiti cha mwisho kabisa na kofia yake ya ngozi magotini. Neno la mwimbaji likimfikia, anainua kofia. Lisipomfikia, kofia haitikisiki, hata mwimbaji awe anapasua dari. Watu walimchukia kwa hilo, na kwa hilo walijifunza. Alifariki tarehe 3 Mei 2011. Kofia ninayo. Tangu mwaka huo mimi ndiye huketi nyuma badala yake, nikaiinua, na kuna wapumbavu wawili watatu waliowahi kucheka.

Jumamosi, tarehe 18 Januari 2025, kamati ilikutana hatimaye, ndani ya ghala letu. Mwenyekiti alikuwa amemwalika Daktari Chebet, mwanamke mzaliwa wa Endebess afundishaye muziki katika Chuo Kikuu cha Kibabii, atoe ushauri. Nilikuwa nimejiandaa kumpinga. Akakubaliana nami kuhusu mbadala, akakubaliana nami kuhusu kunong'ona, kisha akasema kwamba amri yangu nyingine, ya kutokunywa chai ya maziwa kabla ya kuimba haina ushahidi wa kutosha. Sikubaliani naye hadi leo, na natumaini hatawafundisha ninyi hivyo. Lakini kuhusu wimbo alikataa kuhukumu. "Mimi sijauona mchezo huu," alisema. "Niimbieni kwanza."

"Nanjala aimbe," mwenyekiti alisema.

"Asiimbe huko juu," nilisema.

"Basi mimi mwenyewe nitaimba!" Bwana Barasa alisimama, akavuta suruali. "Niwaonyeshe inaimbika. Abdalla, weka kama zamani."

Abdalla aliweka kama zamani. Bwana Barasa alivuta pumzi kwa mabega, Mwalimu Zakaria angemwokotesha punje, akauanza wimbo wa Nasambu kwa sauti ya pua. Mistari ya kwanza alipita. Kisha wimbo ukapanda, naye akapanda nao, mishipa ikimtoka shingoni, na pale juu kabisa akapiga kwa nguvu zake zote:

"Mahaaali! Mahali yangu!"

Sauti ikapasuka. Akaishia akikohoa.

Daktari Chebet alikuwa amesikiliza kwa makini sana. Akainua mkono kwa adabu.

"Samahani, Bwana Barasa. Ni wimbo mzuri. Kwani huyu msichana anatafuta ploti ya kujenga?"

Halafu Abdalla alilaza paji la uso juu ya kinanda, funguo zote zikalia kwa pamoja, na ghala zima likaangua kicheko. Nanjala alicheka hadi akashika mbavu, na kicheko chenyewe kilikuwa safi, bila mkwaruzo, nikajua kabla ya daktari wa koo kwamba amepona.

Bwana Barasa alisimama pale akijipangusa jasho. Nitamtendea haki: ni mtu mkaidi, lakini ana masikio. Alirudia polepole, midomo ikisonga, mahari, mahali, kama mtu anayeonja chumvi.

"Mazoezini kote watu walikuwa wanasikia ploti?" aliuliza.

"Hawakuwa wanasikia chochote," nilisema. "Walikuwa wanakuona tu unataka kelele."

Akaketi. "Sawa. Ishuke."

Mwenyekiti akaitisha kura ipitishwe rasmi: wimbo wa mwisho ushuke toni mbili, kila mhusika mkuu awe na mbadala wa kugawana naye maonyesho, na Mwangwi wa Elgon usifungue mchezo wowote katika Agosti ya mwaka shufwa. Mikono yote iliinuka. Shtaka langu halikutajwa, na mimi sikulitaja. Bwana Barasa mwenyewe ndiye aliyekwenda kwenye kinanda, akakuna kwa kucha mabaki ya gundi kando ya kitufe, akakibonyeza kwa kidole kimoja akiwa amefumba jicho moja.

"Nanjala," alisema, "imba tusikie."

Nilichukua kiti changu nikakipeleka mwisho wa ghala, nyuma kabisa, mahali ambapo vumbi la mahindi haliishi hata lifagiliwe. Nikaiweka kofia magotini. Nanjala aliimba. Kwanza alipita kama kivuli, akiogopa, kisha akaona hakuna kinachomkwama, akaiachia sauti. Ilikuja hadi kwangu bila haraka, pana chini kama zamani, na ndani yake kila neno lilikuwa na mifupa yake. Alipofika penyewe alishuka kwenye re, na mahari yake ikanifikia nzima.

Nikainua kofia juu kabisa.

"Kukhu!" Bwana Barasa aliita kutoka mbele. "Shusha kofia bana, unafunikia watu!"

Nyuma yangu palikuwa na ukuta tu. Wimbo ndio ulioamuliwa ushuke siku hiyo. Kofia sikuishusha.